Nyota Haikujui: Historia ya Nani Anajua Unaenda Wapi

Hii ya leo ni ndefu kidogo, kwa hivyo chukua chai kwanza.

Mwezi uliopita binamu yangu alinipigia simu saa nne usiku. Yeye ni mtu wa barabara, kila siku anasambaza mayai kutoka Thika hadi Nairobi. Mwaka jana alitoka kwa ndoa ambayo sitaieleza hapa. Akahamia kwa rafiki yake upande wa Juja na hakumwambia mtu yeyote wa ukoo ni wapi. Wiki mbili baadaye, saa kumi na mbili asubuhi, mume akatokea kwa geti ya ile ploti. Amesimama tu.

Hakuwa ameajiri mpelelezi. Pale nyumbani kulikuwa na tableti ya watoto, na kwenye hiyo tableti akaunti ya binamu yangu ilikuwa bado imefunguliwa. Kila safari aliyofanya na simu yake, ramani ilikuwa imeiandika: ametoka wapi, saa ngapi, amelala wapi. Jamaa alifungua tableti akasoma, basi.

Binamu yangu akahama tena. Tangu siku hiyo anaendesha simu ikiwa imezimwa, akipotea anauliza watu wa boda. Lakini mizigo imeongezeka, wateja wapya wako Ruai, Syokimau, Ngong, na hawezi kuendelea hivyo. Ndio akaniuliza: "Nitumie programu gani ya ramani ambayo haitanichoma?"

Nilitaka kumpa jina moja nikalale. Ila nilipoanza kumweleza nikajikuta namrudisha nyuma miaka mia tano, juu kuna swali ambalo liko chini ya swali lake. Zamani ramani ilikuwa kitu unachokitazama wewe. Ilianza lini kukutazama?

Nahodha na nyota zake

Tuanze Pwani, juu hapo ndipo watu wetu walikuwa mabingwa wa kutafuta njia kabla ya barabara yoyote ya lami. Kwa mamia ya miaka majahazi yalisafiri kati ya Lamu, Malindi, Mombasa, Kilwa, Arabuni na Bara Hindi kwa pepo za kaskazi na kusi. Usiku nahodha alipima kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari. Kifaa kilichotumika sana katika Bahari ya Hindi kiliitwa kamal: kibao kidogo cha mbao chenye uzi wa mafundo. Unashika uzi kwa meno, unanyoosha kibao mpaka kizibe nafasi kati ya bahari na nyota, na fundo linakwambia uko umbali gani kaskazini au kusini.

Shika jambo moja hapo. Nyota inatoa mwanga, nahodha anapima. Nyota haijui ni nani aliyeitazama. Hesabu yote inafanyika ndani ya jahazi, na jibu linabaki ndani ya jahazi.

Siri ya njia ilikaa kwa vichwa vya watu, na watu ndio walioweza kuitoa. Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Malindi akitafuta njia ya kwenda India. Mtawala wa Malindi, aliyekuwa na ushindani wake na Mombasa, alimpa rubani, na Mei mwaka huo huo meli za Wareno zikafika karibu na Calicut. Hadithi ya huyo rubani alikuwa nani imebishaniwa sana, mimi siingilii. Ninachotaka uone ni kilichofuata. Mwaka 1505 Wareno walirudi na mizinga chini ya Francisco de Almeida, wakaiteka Kilwa, kisha wakaivamia na kuichoma Mombasa.

Malindi ilimpa mgeni njia kwa sababu zake. Mgeni aliitumia kwa sababu zake. Hiyo tofauti itaturudia.

Kengele ya mbuzi

Sasa tuje bara. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuandikisha Waafrika, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kuitekeleza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alilazimika kubeba kipande: karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, na historia yake ya kazi. Ameajiriwa na nani, kwa mshahara gani, ameruhusiwa kuondoka lini. Karatasi iliwekwa kwenye kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni.

Ukitoka kwa shamba la mzungu bila yeye kutia sahihi kwamba amekuachilia, wewe ni mtoro. Askari akikusimamisha njiani anafungua kile kikopo, anasoma, anajua ulitoka wapi na kama ulifaa kuwa hapo. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani ile kengele inayofungwa mbuzi shingoni. Kengele haimsaidii mbuzi kujua njia, inamsaidia mwenye mbuzi.

Harry Thuku na wenzake walipinga kipande pamoja na kodi na kazi ya lazima. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, Mary Muthoni Nyanjiru akawa mbele ya wanawake wakidai aachiliwe, na risasi zikafyatuliwa. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliokufa, Nyanjiru akiwemo. Wengine walisema ni zaidi.

Na haikuishia hapo. Wakati wa Hali ya Hatari miaka ya 1950, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekewa vizuizi vya kutembea na vibali vya kubeba. Aprili 24, 1954, kwenye Operesheni Anvil, Nairobi ilizingirwa na maelfu ya watu wakapelekwa kizuizini baada ya kukaguliwa ni nani na wanatoka wapi.

Nasema haya kwa sababu kuna watu wakisikia neno faragha wanasema, "Hayo ni mambo ya wazungu, mimi sina cha kuficha." Buda, babu zetu walipigwa risasi wakidai, pamoja na mengine, kwamba mtu asibebe shingoni maelezo ya mahali alipo na anakoruhusiwa kuwa. Mpaka leo kitambulisho tunakiita kipande. Neno limebaki, tumesahau tu kikopo.

Setilaiti haikusikii

Mwaka 1957 Muungano wa Sovieti ulirusha Sputnik. Wanafizikia wawili wa maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walisikiliza mlio wake, wakaona kwamba kwa jinsi sauti inavyobadilika setilaiti ikikaribia na kuondoka, unaweza kujua iko wapi angani. Kisha wazo likageuzwa: kama unajua setilaiti iko wapi, unaweza kujua wewe uko wapi duniani.

Jeshi la Marekani lilianza mradi wa GPS mwaka 1973, na setilaiti ya kwanza ikarushwa 1978. Septemba 1, 1983, ndege ya abiria ya Korea Kusini, KAL 007, iliingia kimakosa anga ya Sovieti, ikatunguliwa, watu 269 wakafa. Rais Reagan akatangaza kwamba GPS ikikamilika raia wa dunia nzima wataruhusiwa kuitumia bure. Ilikamilika 1995. Hata hivyo, jeshi lilikuwa linaharibu kimakusudi usahihi wa mawimbi ya raia, unaweza kukosea kwa mita kama 100. Mei 2000 Rais Clinton akaamuru hilo lizimwe. Usiku mmoja tu, kifaa cha kawaida kikaweza kujua uko upande gani wa barabara kuu.

Hapa ndipo wengi wetu tumedanganyika, kwa hivyo nisikilize vizuri. Watu husema "GPS inanifuatilia." Hapana. Setilaiti ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu, na kazi yake ni kutangaza tu: mimi ni nambari fulani, sasa hivi ni saa fulani. Simu yako inasikiliza angalau nne, inahesabu mawimbi yamechukua muda gani kufika, inapata jibu. Ni kama redio. Kituo cha redio hakijui kwamba uko jikoni unasikiliza huku unapika ugali.

Yaani kwa upande huo GPS ni nyota. Inatoa mwanga, wewe unapima, na haijui ni nani anayeitazama.

Basi anayekuchoma ni nani? Ni kile kilichowekwa kati ya hesabu na macho yako. Programu.

Wakati ramani ilikaa kwa kaseti

Mwaka 1985 kampuni ya Etak huko California iliuza kifaa cha gari kinachoonyesha ramani kwenye skrini ndogo. Hakikutumia GPS. Kilihesabu mizunguko ya magurudumu na kusoma dira, kikalinganisha na barabara. Ramani zilikuwa kwenye kaseti. Ukitoka eneo moja unabadilisha kaseti. Kilijua uko wapi na hakikuwa na mtu wa kumwambia.

Baadaye wakaja kina Garmin na TomTom, vile vikasha vya kubandika kwenye kioo. Hivyo pia kwa miaka mingi vilikuwa bubu. Ramani iko ndani, hesabu iko ndani. Lakini TomTom ikaanza kukusanya kasi za wateja wake ili kutoa habari za msongamano. Wazo zuri. Aprili 2011 ikajulikana kwamba data hiyo ilikuwa imefika kwa polisi wa Uholanzi, ambao waliitumia kuamua waweke wapi kamera za kasi. Haikuwa na majina ya madereva, na kampuni ilisema haikutarajia itumike hivyo. Mkuu wake, Harold Goddijn, aliomba radhi.

Unaona Malindi hapo? Dereva alitoa kasi yake ili aepuke jam. Ikarudi kama faini.

Ramani ya bure

Google Maps ilianza Februari 2005. Oktoba 2009 Google ikatangaza maelekezo ya sauti ya kona kwa kona kwenye simu za Android, bure. Hisa za Garmin na TomTom zikaanguka siku hiyo hiyo, juu nani atanunua kikasha? Waze nayo ilianzia Israeli kama ramani ya kujitolea iliyochorwa na madereva wenyewe, ikawa kampuni, na mwaka 2013 Google ikainunua kwa karibu dola bilioni moja.

Sitasema hizi programu ni mbaya. Mimi mwenyewe nimeokolewa nazo Mombasa Road mara nyingi kuliko naweza kuhesabu. Lakini tuulize: ile rangi nyekundu ya jam inatoka wapi? Hakuna mtu wa Google amesimama Nyayo anahesabu matatu. Inatoka kwa simu zetu. Simu mia zikienda polepole kwenye barabara moja, mashine inasema hapo kuna jam. Msanii Simon Weckert alilithibitisha Berlin: alivuta kigari chenye simu 99 kwenye barabara tupu, ramani ikaipaka nyekundu.

Kwa hivyo wewe huchukui tu habari za jam. Wewe ndiye habari za jam. Hiyo ndiyo bei, na kwa haki ni bei ambayo inasaidia wenzako pia. Shida inaanza pale safari yako inapowekwa na jina lako, inapohifadhiwa kwa miaka, na inapoonekana na mtu usiyemkusudia.

"Lakini si wanaondoa majina?" Mwaka 2013 watafiti walichunguza data ya simu ya watu milioni 1.5 katika nchi moja ya Ulaya kwa miezi 15. Waligundua kwamba ukijua mahali na saa nne tu za mtu, inatosha kumtofautisha na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu. Fikiria yako: unapolala, unapofanya kazi, kanisani au msikitini, na kwa mama. Nani mwingine Kenya hii ana hizo nne kwa saa hizo?

"Basi nitazima historia ya mahali." Agosti 2018 shirika la habari la Associated Press lilionyesha kwamba hata ukizima hiyo, baadhi ya huduma za Google ziliendelea kuhifadhi mahali ulipo kupitia mpangilio mwingine wenye jina tofauti. Novemba 2022 Google ilikubali kulipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5 kumaliza kesi juu ya jambo hilo. Desemba 2023 ikatangaza kwamba historia ya safari itaanza kukaa kwenye simu ya mwenyewe badala ya seva zake. Ni hatua nzuri. Lakini ona ilichukua miaka mingapi na kesi ngapi, na binamu yangu hakuwa na miaka hiyo.

Kibera inajichora

Sasa nataka nigeuze kidogo, juu historia hii si ya kutoroka ramani tu. Kuna hasara pia ya kutokuwa kwenye ramani.

Agosti 2004 Steve Coast, Mwingereza, alianzisha OpenStreetMap. Ramani nzuri za nchi yake ziliuzwa ghali na shirika la serikali, akasema basi watu wachore ya kwao, kila mtu mtaa wake, na iwe mali ya wote. Mwaka 2009 wazo hilo likafika Kibera. Hapo kulikuwa na watu wengi, shule, zahanati, vyoo, makanisa, na kwenye ramani za mtandaoni palikuwa doa tupu. Vijana wa Kibera wakapewa vifaa vidogo vya GPS, wakatembea vichochoro, wakaandika: hapa kuna maji, hapa kuna kliniki, hapa ni njia. Mradi ukaitwa Map Kibera.

Waliamua wenyewe nini kionekane. Waliweka kliniki kwenye ramani, hawakuweka wagonjwa.

Na sijui kama ni bahati tu, ila miaka kumi baadaye kesi kubwa ya faragha Kenya ilibebwa na Nubian Rights Forum, jumuiya ambayo mizizi yake iko Kibera hiyo hiyo. Serikali ilikuwa imebadilisha sheria ya usajili ili ikusanye, kwa ajili ya Huduma Namba, mambo mengi yakiwemo DNA na vipimo vya GPS vya mahali unapoishi. Januari 30, 2020, Mahakama Kuu ikasema mradi unaweza kuendelea ukiwa na sheria madhubuti za kulinda data, lakini DNA na GPS hapana. Kuchukua hizo kungeenda kinyume na Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kile cha faragha.

Yaani mahakama ya nchi yetu imesema wazi kwamba serikali haiwezi kukulazimisha utoe vipimo vya GPS vya nyumba yako. Halafu sisi wenyewe tunaandika neno "Nyumbani" kwenye programu na kuendelea na maisha.

Haya, nitumie gani?

Binamu, nimefika. Nisamehe kwa mzunguko.

Dawa ya kwanza ni kurudi kwa kaseti: programu inayopakua ramani ndani ya simu, inayohesabu njia ndani ya simu, na isiyotaka akaunti. Kama hakuna akaunti, hakuna tableti ya kuiacha wazi.

Organic Maps ni ya aina hiyo, na iPhone au Android zote zinaikubali. Haina matangazo, haifuatilii, unapakua Kenya mara moja kwa waifai, na inakuelekeza kwa sauti hata ukiwa njia ya Marsabit ambapo mtandao umekata. Bando haiguswi. Historia yake inafundisha: ilitokana na MapsWithMe, iliyokuja kuitwa Maps.me na iliyonunuliwa na kampuni ya Urusi ya Mail.Ru mwaka 2014, ikauzwa tena 2020. Waanzilishi wakachukua msimbo wake wa wazi wakaanza upya 2021. Mwaka 2025 baadhi ya wachangiaji hawakuridhika na uongozi, nao wakatoka na msimbo huo wakatengeneza CoMaps. Hiyo ndiyo faida ya msimbo wa wazi: kiongozi akikosea, watu wanaweza kuondoka na ramani yao.

OsmAnd ni ndugu yao, ina vitu vingi zaidi na menyu ya kukuumiza kichwa mwanzoni. Ukipenda kurekebisha kila kitu, ni yako.

Zote hizi zinatumia OpenStreetMap, na hapa lazima niwe mkweli. Moja, hazikuonyeshi jam ya sasa hivi, kwa sababu hazikukusanyi. Huwezi kuwa na zote mbili bila mtu fulani kutoa mahali pake. Mbili, kutafuta majina ya maduka na apatimenti ni dhaifu. Ukitafuta ploti mpya ya Ruai huenda usiipate. Lakini sisi hatujawahi kuishi kwa anwani: ni "shuka steji, pita chuo, geti ya bluu." Mteja akikutumia mahali pake mara moja, unahifadhi alama ndani ya simu na kesho huhitaji mtandao. Na ukiona barabara haipo, unaweza kuichora mwenyewe venye vijana wa Kibera walifanya.

Ukihitaji jam, kuna Magic Earth, inayotumia data ya OpenStreetMap pia na yenye habari za msongamano. Wanasema hawafuatilii watumiaji. Msimbo wao umefungwa, kwa hivyo unaamini neno lao. Au fanya nifanyavyo mimi: kabla ya kutoka nafungua ramani ya kawaida kwenye kivinjari bila kuingia akaunti, naangalia kama Thika Road imefungana, naifunga, kisha naendesha na Organic Maps. Bado nimemwambia mtu kwamba kuna simu imeangalia Thika Road. Sijamwambia nimelala wapi.

Dawa ya pili ni ya mtu aliye kama binamu yangu, na hii ni muhimu kuliko programu yenyewe. Fungua akaunti yako, angalia orodha ya vifaa vilivyoingia, toa kila usichokijua na kila kilichobaki kwa nyumba uliyotoka. Badilisha nywila. Angalia kama kuna mtu uliyewahi kumruhusu kuona mahali ulipo, umtoe. Futa historia ya safari. Kama gari lako linaunganishwa na simu, futa simu yako kwenye gari kabla ya kuliuza au kuliazima. Kama gari ni la mkopo, jua karibu hakika kuna traka imefungwa humo, na uulize nani ana nywila yake. Programu zingine zote, pamoja na ile ya tochi, ziulize: unataka mahali pangu ya nini?

Na ukomo uko, sitakudanganya. Simu ikiwa na laini, kampuni ya simu inajua uko karibu na mnara gani. Marekani mwaka 2018, katika kesi ya Timothy Carpenter, ilijulikana kwamba polisi walipata alama 12,898 za mahali alipokuwa kwa siku 127, zote kutoka minara ya simu, bila ramani yoyote. Mahakama ya Juu ya huko ikasema polisi kwa kawaida lazima wawe na kibali cha mahakama kwa data kama hiyo. Sisi tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na ofisi ya kamishna wa data inayopokea malalamishi. Organic Maps haiwezi kukukinga na mnara. Hilo linahitaji sheria na watu wa kuidai, na tangu Juni 2024 nadhani kizazi chetu hakihitaji kuelezwa kwa nini.

Lakini mume wa binamu yangu hana mnara. Alikuwa na tableti tu. Watu wengi wanaotufuatilia ni wa aina hiyo: mpenzi wa zamani, mwajiri, mtu wa madeni. Hao unaweza kuwafungia mlango leo jioni kwa dakika ishirini.

Tulikaa kwa simu mpaka saa sita usiku tukifanya moja baada ya nyingine. Kwenye orodha ya vifaa tulipata vitatu: simu yake, ile tableti, na simu ya zamani ambayo alidhani ilipotea miaka miwili iliyopita na ambayo ilikuwa imetumika wiki hiyo. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Itoe."

Jumamosi alipeleka trei sitini Ngong na Organic Maps. Alipotea mara moja, karibu na Embulbul, akauliza mtu wa boda. Akaniandikia kwamba amefika.

Usiku huu kabla hujalala, fungua ile orodha yako. Hesabu vifaa.